Filamu za uhalifu na filamu za mashujaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaweke pamoja. Yanaanza na ya mtu mgeni kabisa, yanaishia na yale ya wabishi. Baadhi ya majibu yanagusa mwisho wa filamu. Ukiogopa kumalizwa uhondo, anza na swali la 19.

## Mambo ya msingi

1. Filamu ya uhalifu ya kusisimua ni ipi hasa? Si ndiyo hiyo hiyo ya kipelelezi?

Zinapakana, ila raha yake ni tofauti. Kwenye filamu ya kipelelezi unafuata fumbo: maiti imekutwa, nyumba nzima ina sababu ya kuua, na mpelelezi ameona kitu ambacho wewe hujakiona. Filamu tatu za Benoit Blanc, mpelelezi anayechezwa na Daniel Craig, ziko upande huo.

Kwenye filamu ya uhalifu ya kusisimua, mara nyingi mhalifu unamjua mapema. Kinachokubana kifua ni kutojua atafika wapi na nani ataumia njiani. Tazama Nightcrawler ya Dan Gilroy (2014). Jake Gyllenhaal anacheza mtu anayezunguka usiku na kamera akitafuta ajali na mauaji ili auze picha kwa kituo cha televisheni. Hakuna fumbo lolote pale. Kuna mtu mmoja anayepiga hatua moja mbaya, haadhibiwi, kisha anapiga ya pili.

2. Kwa nini unazipima aina hizi mbili kwa mizani moja? Moja ina majambazi, nyingine ina watu wanaoruka angani.

Tuliokua na filamu za mapigano tulijua kanuni moja kabla ya nyingine zote: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, nyumba imwangukie, atarudi dakika za mwisho akiwa na shati lililochanika. Tuliipenda kanuni hiyo na sina ugomvi na utoto wangu. Ila siku moja nilianza kujiuliza kitu kingine: kama stelingi hafi, je, kuna chochote anachopoteza?

Hapo ndipo mizani yangu ilipotoka. Natazama kama tendo lina gharama na nani anailipa. Mtu akiua, usiku analala? Akimwokoa mmoja, ni yupi amemwacha? Jiji likibomolewa, kuna mtu anayeondoa vifusi? Swali hilo linamfaa mwizi wa benki na linamfaa mtu mwenye joho. Filamu inayolijibu kwa uaminifu huwa inanishika hata kama hadithi yake ni ya kitoto, na inayolikwepa hunichosha hata ikitumia dola milioni 200.

3. Sijawahi kutazama aina hizi kwa makini. Nianze na ipi?

Upande wa uhalifu, anza na Hell or High Water (2016). Ni ya dakika 102 tu, iliongozwa na David Mackenzie na kuandikwa na Taylor Sheridan. Ndugu wawili wa Texas wanaiba katika matawi ya benki ile ile inayotaka kuchukua shamba la marehemu mama yao, kisha wanailipa benki kwa pesa zake yenyewe. Jeff Bridges ni askari mzee anayekaribia kustaafu, anayewafuata bila haraka. Hutapata mtu wa kumchukia kwa urahisi, na ukifika mwisho utakuwa umeshaelewa swali la 2 bila mimi kukuhubiria.

Upande wa mashujaa, anza na Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018). Ni ya michoro, ilipata Oscar ya filamu bora ya katuni, na haihitaji ujue chochote kabla yake. Ukitaka watu halisi, nenda Black Panther (swali la 15).

## Filamu za uhalifu

4. Kwa nini kila mara unataja Prisoners? Ina nini?

Kwa sababu sijaona filamu ya miaka hii iliyouliza swali gumu namna ile na kukataa kumsaidia mtazamaji kulijibu.

Ni ya mwaka 2013, iliongozwa na Denis Villeneuve. Watoto wawili wa kike wanapotea siku ya sikukuu. Polisi wanamkamata kijana mwenye akili ya kitoto, wanakosa ushahidi, wanamwachia. Baba wa mtoto mmoja, anayechezwa na Hugh Jackman, anamteka kijana yule, anamfungia katika jengo lililoachwa na kuanza kumtesa ili aseme watoto wako wapi.

Mara ya kwanza nilikuwa upande wa baba, na nina hakika wengi huwa upande wake. Filamu inakuruhusu ukae pale kwa muda, kisha inakuonyesha uso wa kijana baada ya siku kadhaa: umevimba mpaka jicho halifunguki. Hapo ndipo nilipojishtukia kwamba nilikuwa nikimshangilia mtesaji. Jackman hachezi kama shujaa wala kama mwendawazimu. Anacheza baba anayesali kabla ya kupiga. Na Jake Gyllenhaal, askari wa upelelezi, anapepesa macho kila mara kama mtu asiyelala. Hakuna anayelieleza jambo hilo, lakini ukishaliona unaijua kazi yake imemfanya nini.

Angalia pia mwanga. Roger Deakins, mpiga picha wake mkuu, amezijaza picha mvua na rangi ya kijivu kiasi kwamba unahisi baridi ukiwa umekaa ndani. Paul Dano ndiye kijana anayeteswa. Miaka 9 baadaye alicheza muuaji kwenye The Batman (swali la 17), na kuzitazama filamu hizo mbili karibu karibu ni somo la uigizaji.

5. Filamu isiyofunga mwisho wake, si uvivu wa mwandishi?

Mara nyingine ni uvivu. Mwandishi ameshindwa kufungua fundo lake, anakata picha na kuliita jambo hilo sanaa. Namna ya kumjua ni rahisi: rudi nyuma uangalie kama filamu ilikuwa ikielekea kwenye swali lile tangu mwanzo.

Anatomy of a Fall ya Justine Triet, iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2023, inafaulu jaribio hilo. Mwanamume ameanguka kutoka juu ya nyumba yake milimani Ufaransa na kufa. Mke wake anashtakiwa. Mahakama inatoa hukumu, filamu yenyewe haitoi. Lakini tangu mwanzo kesi ile haihusu mwanguko peke yake. Inahusu ndoa inayofunuliwa mbele ya watu wasioijua, na mtoto asiyeona vizuri anayelazimika kuamua ataishi na ukweli upi. Uamuzi wa mtoto ndio mwisho, na huo umefungwa kabisa.

Prisoners nayo inakata picha mtu akiwa anasikiliza sauti hafifu ya filimbi. Wanaodai wangependa kuona dakika mbili zaidi nawaambia hivi: uso wa Gyllenhaal umeshawajibu, ameisikia.

6. Filamu za visa vya kweli zinanitia wasiwasi. Ni sawa kujiburudisha kwa mauaji ya watu waliokuwa hai?

Wasiwasi huo uwe nao daima. Nami ninao. Nikianza filamu ya aina hii natafuta jambo moja: waliouawa wana majina, tabia na vicheko, au ni maiti za kumpamba muuaji?

Killers of the Flower Moon ya Martin Scorsese (2023) inahusu mauaji ya watu wa taifa la Osage, Oklahoma, katika miaka ya 1920, waliouawa kwa ajili ya utajiri wa mafuta yaliyokuwa chini ya ardhi yao. Muswada wa kwanza ulimfuata askari wa serikali aliyekuja kuchunguza, na Leonardo DiCaprio ndiye angemcheza. Wakaubadilisha. DiCaprio akawa mume wa Mollie Burkhart, mwanamke wa Osage; yaani mwanamume anayempenda mke wake na wakati huo huo anashiriki kuimaliza familia yake. Uamuzi huo uliiokoa filamu. Kama ungebaki ule wa kwanza, tungepata hadithi ya mgeni mwema anayefika na farasi kutatua fumbo, ilhali Waosage hawakuwa na fumbo lolote. Walijua ni nani anawaua, ila hakuna aliyewasikiliza. Lily Gladstone, anayemcheza Mollie, anazungumza kidogo na macho yake yanabeba filamu nzima.

Mwishoni Scorsese mwenyewe anatokea kwenye jukwaa la mchezo wa redio na kusoma tangazo la kifo cha Mollie, lililochapishwa bila kutaja mauaji hata mara moja. Mzee wa miaka 80 anasimama mbele yetu na kukiri kwamba hata yeye ametengeneza burudani kwa msiba wa watu. Nililia pale, na sijutii.

Mfano mwingine ni wa zamani kidogo lakini siwezi kuuruka. Memories of Murder ya Bong Joon-ho (2003) inahusu mauaji ya Hwaseong, Korea Kusini, yaliyoanza mwaka 1986. Filamu ilipotoka, muuaji alikuwa hajulikani. Inaisha askari akitazama moja kwa moja kwenye kamera, kwa kuwa Bong aliwaza huenda muuaji angekuwa mmoja wa watazamaji. Mwaka 2019 vinasaba vilimtambua: alikuwa gerezani tayari kwa mauaji mengine. Itazame leo ukijua hilo, uone kama utaweza kuyakwepa macho yale.

7. Mbona zimekuwa ndefu hivi?

Killers of the Flower Moon ina dakika 206, Avengers: Endgame 181, The Batman 176. Urefu haunisumbui kama kila saa inabadilisha ninachokijua kuhusu mhusika. Ya Scorsese inafaulu hapo. The Batman ingeweza kupunguzwa dakika 15 katikati bila mtu kulalamika. Ukiwa na usiku mmoja mfupi, rudi swali la 3.

8. Filamu nzuri za uhalifu bado zinaonyeshwa kwenye kumbi, au zimehamia mtandaoni?

Nyingi za bajeti ya kati zimehamia mtandaoni, na jambo hili linaniuma. Filamu ya watu wawili kwenye chumba, inayotegemea ukimya, inahitaji giza na simu iliyozimwa. Nyumbani mtu anasimama kwenda kuchemsha maji akiwa hajaizima, akirudi anauliza "huyu ni nani tena?"

Hata hivyo baadhi ya bora zaidi zilitoka Netflix. Rebel Ridge ya Jeremy Saulnier (2024) niliitazama mara mbili katika wiki moja. Aliyekuwa mwanajeshi anaendesha baiskeli akiwa na pesa za dhamana ya binamu yake. Polisi wa mji mdogo wanamsimamisha na kuzichukua, na sheria inawalinda. Inachukua muda mrefu kabla hajarusha ngumi, na anaporusha anajitahidi asiue. Filamu ya mapigano ambamo shujaa anahesabu uhai wa adui zake! Aaron Pierre anasimama kimya kwenye kituo cha polisi na unaogopa kuliko ungeogopa bunduki kumi.

The Killer ya David Fincher (2023) sikuipenda hivyo. Ni safi kama kisu kipya, na Michael Fassbender yuko makini, lakini muuaji anayerudia kanuni zake kichwani kwa saa mbili anaanza kuwa mtu asiye na deni kwa yeyote.

9. Nitazame za lugha nyingine kwa maandishi ya tafsiri, au zile zilizoingizwa sauti?

Maandishi, tafadhali. Sababu yangu kubwa ni Decision to Leave ya Park Chan-wook (2022). Askari wa upelelezi wa Busan anampenda mjane anayemchunguza kwa mauaji. Mjane huyo ni Mchina, Kikorea chake si kamili, na wakati mwingine anasema jambo zito kwa lugha yake kisha anaiacha simu itafsiri. Kuna pengo kati ya sauti yake na sauti kavu ya simu. Mapenzi yao yote yamo ndani ya pengo hilo. Ukiweka sauti moja ya kuigiza juu ya yote, umeitoa roho ya filamu.

Na kama kusoma kunakuchosha, vumilia dakika 20 za mwanzo. Baada ya hapo jicho linazoea na unasahau kwamba unasoma. Parasite (2019) ilishinda Oscar ya filamu bora ya mwaka ikiwa ya kwanza isiyo ya Kiingereza, na umati wa watu uliipenda kwa maandishi.

## Filamu za mashujaa

10. Filamu za mashujaa zimekufa?

Hapana. Kilichokufa ni mazoea ya watu kwenda kutazama chochote chenye nembo.

Endgame (2019) iliingiza takriban dola bilioni 2.8. Ilikuwa mwisho wa hadithi iliyoanza na Iron Man mwaka 2008, na watu waliondoka wameshiba. Kisha Marvel, kampuni iliyoitengeneza, wakaongeza chakula. Mwaka 2021 peke yake walitoa filamu 4 na tamthilia 5 za mtandaoni. Kufikia The Marvels (2023), mtazamaji alitakiwa awe ametazama tamthilia mbili au tatu ili awajue wahusika watatu. Filamu hiyo ilipata takriban dola milioni 206, kiasi kidogo kuliko filamu yoyote ya mfululizo ule. Waigizaji wake walifanya kazi yao. Walipewa mtihani ambao mtazamaji alishachoka kuusomea.

Mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine ikavuka bilioni 1.3. Watu wapo. Wanachagua.

11. Lazima nitazame zote, na kwa mpangilio gani?

Si lazima. Zimefika zaidi ya 35 upande wa Marvel peke yake. Fuata mwaka wa kutoka, usifuate tarehe za ndani ya hadithi, na uchukue hizi tu: Iron Man (2008), Captain America: The Winter Soldier (2014), Captain America: Civil War (2016), Black Panther na Avengers: Infinity War (zote 2018), kisha Endgame. Winter Soldier ukiitazama vizuri ni filamu ya ujasusi iliyovalishwa ngao, kwa hiyo mpenzi wa filamu za uhalifu atajisikia nyumbani.

Baada ya hapo uko huru. Guardians of the Galaxy Vol. 3 (2023) inafaa sana kama ulizipenda Guardians mbili za kwanza.

12. Una tatizo gani na ulimwengu sambamba, yaani dunia nyingi zenye nakala za wahusika wale wale?

Unafuta madeni. Stelingi akifa, wanamleta mwingine wa ulimwengu wa jirani mwenye uso ule ule. Loki, yule mjanja wa filamu za Thor, aliuawa mwanzoni mwa Infinity War, mbele ya ndugu yake, na kifo kile kilitushtua. Kabla kilio hakijakauka tukapewa Loki mwingine. Gamora, mpiganaji wa Guardians of the Galaxy, vivyo hivyo. Sasa Robert Downey Jr., ambaye kifo chake akiwa Tony Stark (Iron Man) kilikuwa kilele cha miaka 11, ametangazwa kurudi akiwa adui, Doctor Doom. Nampenda mwigizaji huyu, lakini uso ule nilishauzika.

Logan ya James Mangold (2017) ndiyo inayonipa uchungu zaidi. Shujaa wake, Wolverine, ni mzee mchovu, makucha hayatoki vizuri, sumu ya chuma inamla ndani, anakufa akimwokoa mtoto. Ilikuwa kaburi la heshima. Deadpool & Wolverine inaanza kwa kulifukua kaburi hilo na kuigeuza mifupa kuwa silaha. Nilicheka, nakubali, mchezo umepangwa kwa ustadi. Nilipofika nyumbani niliitazama tena Logan mpaka mwisho, kama mtu anayekwenda kurudisha udongo.

Kuna namna ya kulifanya jambo hili vizuri, nayo ni Spider-Man: Across the Spider-Verse (2023). Pale ulimwengu sambamba unaongeza deni. Miles, kijana ambaye ni Spider-Man wa filamu hizi, anaambiwa kwamba katika kila ulimwengu Spider-Man humpoteza mtu wa karibu, na safari hii ni zamu ya baba yake. Akikubali, baba anakufa. Akikataa, ulimwengu mzima unaweza kusambaratika. Filamu inakatikia katikati na bado sikukasirika.

13. Kwa nini picha za kompyuta zinaonekana mbaya kwenye filamu za pesa nyingi?

Kwa sababu ya haraka na kubadilisha mawazo. Mafundi wa picha wanapewa tukio, wanalijenga kwa miezi, halafu uamuzi wa juu unabadilika wiki chache kabla ya filamu kutoka. Mwaka 2022 mafundi wengi walijitokeza hadharani kulalamikia saa za kazi, na Septemba 2023 wale walioajiriwa na Marvel moja kwa moja walipiga kura kuunda chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo ukiona uso unaoelea kama barakoa, usimtukane fundi.

14. Superman ya mwaka 2025 unaionaje? Wengine wanasema ni ya kitoto.

Nimeipenda sana, na neno "kitoto" silioni kama tusi hapa.

James Gunn hakutupotezea muda na sayari ya kwao Superman inayolipuka kwa mara ya kumi. Anaanza na Superman ameshindwa, ameanguka kwenye theluji, mbavu zimevunjika, anapiga mluzi kumwita mbwa wake. David Corenswet ana uso wa mtu mwema asiyejua kwamba wema wake umepitwa na wakati. Katikati ya vita na dubwana, anapoteza sekunde kumtoa kindi mdogo asikanyagwe. Watu walicheka ukumbini. Mimi nilifikiri, huyu ndiye. Superman asiyemwona kindi ni silaha tu.

Sehemu bora haina hata ngumi moja. Lois Lane anamhoji kama mwandishi wa habari, sebuleni: umezuia vita katika nchi ya watu, ulimwuliza nani? Anakasirika, maana hana jibu zuri. Rachel Brosnahan hamwonei huruma, na kwa dakika chache mwenye nguvu zaidi chumbani ni yule mwenye kinasa sauti.

Kasoro zipo. Wahusika ni wengi, na sehemu ya mwisho inarukaruka. Lakini iliniacha nikitamani kumfanyia mtu jambo jema siku ileile.

15. Ni kweli adui wa Black Panther ana haki kuliko shujaa?

Ana haki katika malalamiko yake, hana haki katika dawa anayoileta. Killmonger, anayechezwa na Michael B. Jordan, anauliza kwa nini Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, ilijificha na mali na elimu yake wakati Waafrika wanauzwa ng'ambo. Hakuna mtu katika filamu anayeweza kumjibu, ndiyo maana T'Challa, mfalme ambaye ndiye Black Panther, mwishoni anaifungua nchi. Adui amekufa, lakini hoja yake imeshinda. Sijui filamu nyingine kubwa ya mashujaa iliyothubutu hivyo.

Ongeza Kixhosa kinachosemwa Wakanda, mavazi ya Ruth E. Carter na majengo ya Hannah Beachler, wote wawili walioshinda Oscar kwa kazi hiyo. Ilikuwa pia filamu ya kwanza ya mashujaa kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Chadwick Boseman, aliyemcheza T'Challa, alifariki Agosti 2020, na hawakumtafuta T'Challa wa ulimwengu wa jirani (tazama 12). Wakanda Forever, filamu iliyofuata, inaanza na mazishi.

16. Scorsese alisema filamu za Marvel si sinema. Uko upande gani?

Mwaka 2019 alizifananisha na bustani za michezo ya kubembea, na alieleza baadaye kwamba kinachokosekana ni hatari: hakuna kinachoweza kumpata mhusika. Ukisoma jibu la 2 utaona nakubaliana naye kuhusu ugonjwa. Naachana naye anapowachanganya wagonjwa wote. Logan na Black Panther zina hatari. Na bembea nzuri, Jumamosi jioni, ukiwa na mdogo wako pembeni, haihitaji kuombewa msamaha.

## Mahali aina hizi mbili zinapokutana

17. The Batman ni filamu ya mashujaa au ya kipelelezi?

Ya kipelelezi, na iko karibu na Prisoners kuliko na Endgame. Matt Reeves (2022) anamfanya Robert Pattinson, ambaye ndiye Batman, aingie kwenye chumba cha mauaji, apite katikati ya askari wasiomtaka, achuchumae na kuchunguza maiti. Muuaji anaacha kadi zenye mafumbo zilizoandikiwa Batman.

Mwanzoni Batman anampiga kijana wa genge mpaka basi, na akiulizwa yeye ni nani anajibu kwamba yeye ni kisasi. Tunafurahi. Saa mbili na nusu baadaye mmoja wa wafuasi wa muuaji anavuliwa barakoa mbele yake, anaulizwa swali lile lile, na kijana anajibu kwa maneno yale yale. Uso wa Pattinson pale! Ameona zao la kazi yake ya miaka miwili. Kinachofuata ndicho ninachokikumbuka zaidi: anashuka kwenye maji ya mafuriko, anawasha mwenge mwekundu, na kuwaongoza watu gizani polepole. Hakuna ngumi tena.

18. Joker je? Na kwa nini ya pili ilianguka?

Ya kwanza (2019) ni filamu ya uhalifu iliyoazima jina la kwenye katuni. Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, ikavuka dola bilioni moja, na Joaquin Phoenix akapata Oscar. Utendaji wake naustahi bila kusita. Hadithi yenyewe nina shaka nayo: inampanga kila mtu amdhulumu Arthur, mtu anayegeuka kuwa Joker, ili sisi tusijiulize sana anapovuta bastola.

Ya pili (2024) ilimpeleka mahakamani, ikaongeza nyimbo na Lady Gaga, na haikupata hata robo ya mapato ya ile ya kwanza. Watu walichukizwa kwa sababu ilikataa kuwapa mfalme waliyemtaka. Nadhani wazo lilikuwa la kijasiri: kumletea Arthur hesabu ya watu aliowaua. Utekelezaji ndio ulioiangusha, kwani nyimbo zinasimamisha kesi kila inapoanza kukaza.

## Maswali ya pembeni

19. Ukinisimulia mwisho, umeniharibia?

Inategemea jibu la 1. Filamu ya fumbo ukimtaja muuaji umemaliza uhondo, na huo ni unyama. Filamu ya gharama inastahimili. Nimetazama Prisoners nikijua kila kitu na bado mikono ilitoka jasho. Hapa nimefunua pale tu ambapo jibu lisingewezekana bila kufunua. Muuaji wa Knives Out, ile ya kwanza ya Benoit Blanc, hutamsikia kwangu.

20. Watoto wanaweza kutazama zipi?

Filamu za Spider-Verse, na Superman kwa waliokwishazoea vita vya kwenye skrini. Joho si kibali: Logan, Joker na za Deadpool zilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na The Batman inatisha kweli. Za uhalifu zote nilizozitaja, wasubiri.

21. Nisubiri mpaka majina ya mwishoni mwa filamu yaishe?

Marvel, ndiyo, kwani huweka kipande cha ziada, isipokuwa Endgame, ambako kuna mlio wa nyundo tu. Logan na Joker, hakuna kitu. Lakini subiri hata hivyo kama unaweza. Wale wa swali la 13 majina yao yako chini kabisa.

22. Kuna filamu uliyoikosea mwanzoni ukaja kubadili mawazo?

Sicario (2015), ya Villeneuve yule yule. Nilitoka nimekasirika. Emily Blunt anacheza askari hodari wa FBI anayeingizwa kwenye vita vya dawa za kulevya mpakani mwa Marekani na Mexico, na filamu nzima wanamzunguka, wanamdanganya, wanamtumia kama sahihi kwenye karatasi. Nilisubiri ageuke awe stelingi. Hageuki. Mwishoni analazimishwa kutia sahihi mtutu ukiwa kidevuni, kisha anatoka kwenye roshani na bastola yake, anamlenga aliyemlazimisha, Benicio del Toro, aliye chini. Yeye anageuka, anasimama, anamngoja. Blunt anashusha mkono.

Niliuita udhaifu. Baada ya miaka miwili nikaitazama tena na nikaona nilichokuwa nimekiruka: angefyatua, angekuwa mmoja wao. Pia nilikuwa nimeusahau mwisho halisi, ambao hauna hata mmoja wa wakubwa hao. Watoto wanacheza mpira huko Nogales, Mexico, mmoja wao baba yake ameuawa, mama yake anatazama pembeni. Milio ya risasi inasikika mbali. Wote wanasimama, wanageuza vichwa kuelekea mjini. Kisha mpira unaendelea.